Kadi Yangu, Mvua Yake

"HONGERA! Hujakosa mechi hata moja ya nyumbani msimu huu. Kwa uaminifu wako, kadi yako imepata haki ya tiketi moja ya fainali. Fika dirishani na kitambulisho."

Mara ya kwanza Sista aliusoma ujumbe ule akacheka. Mara ya pili kicheko kilikatika. Alikuwa amesimama katikati ya wodi ya wazazi, simu mkononi, na mtoto mchanga juu ya mzani akilia kama aliyedhulumiwa urithi.

"Sista, mwanangu ana kilo ngapi?" mama wa mtoto aliuliza kutoka kitandani.

"Subiri, mama. Kuna kitu hakijakaa sawa."

"Kwa mwanangu?"

"Kwa mwanao kuzuri. Ni kwangu."

Hajakosa mechi! Yeye, ambaye msimu mzima uwanja ameuona kwenye televisheni ya kantini? Klabu inacheza wikiendi, na wikiendi ndizo zamu alizobebeshwa. Kadi ile alikatiwa na mchumba wake msimu ulipoanza, viti viwili vya pamoja, kama mtu na mkewe. Mchumba mwenyewe ni fundi simu, mtaa mzima unamwita Jezi, maana jezi ya klabu anaivua akienda kuoga tu, na akijifuta anaivaa. Sista alipoanza kukosa mechi, Jezi alisema kwa huruma tele, "Kadi yako nikutunzie, mpenzi, isije ikapotea." Naye akampa. Mapenzi, jamani!

Na kila mshabiki anajua utaratibu: kadi ikigusishwa kwenye mashine ya getini, pointi inaingia. Wenye pointi nyingi ndio wanaopewa tiketi za fainali kwanza. Kadi haina miguu. Kuna mtu alikuwa anaipeleka.

Akapiga simu.

"Mpenzi, kadi yangu iko wapi?"

"Kadi? Ipo hapa dukani, kwenye droo ya chaja. Vipi tena?"

"Klabu wamenipongeza. Eti sijakosa mechi."



"Aa, mfumo wao huo! Si unazijua kompyuta? Zimekuchanganya na mtu mwingine."

"Kwa hiyo tiketi nisiifuate?"

"Usithubutu! Watakuaibisha bure. Niachie mimi."

Haraka ile ndiyo iliyomuuma. Mtu asiyejua kitu huuliza maswali, na Jezi hakuuliza hata moja.

Mchana ule ule, Sista alipotoka nje kupunga upepo, alimkuta mwanamke amekaa kwenye benchi la wageni. Kucha zake zilikuwa na rangi za klabu, na vidole vinanukia mafuta ya nywele.

"Wifi, samahani kukufuata kazini," yule mwanamke alisema akiinuka. "Mimi ni msusi, saluni yangu inatazamana na duka la Jezi."

"Wifi? Mimi ni wifi yako?"

"Si wewe ndiye dada yake? Kadi ina jina lako, na aliwahi kuniambia unazalisha hapa. Siku zote naingia nayo bila tabu, na pointi zimetimia, lakini fainali wanataka kitambulisho. Nimekuja kukuomba, wifi yangu, unichukulie ile tiketi."

Sista akakaa benchini.

"Dada yangu, mimi sina kaka. Kwetu nimezaliwa peke yangu."

Akanyoosha mkono wenye pete. Msusi akaitazama, akamtazama yeye, akairudia pete.

"Hiyo kakuvisha nani?"

"Huyo huyo kaka yangu."

"Mungu wangu! Mimi kaniambia anajenga kwanza, pete baadaye."

"Basi mwenzangu umekuwa ukijengewa jukwaani."

Msusi alifunika uso kwa viganja. Sista alitegemea kilio, alitegemea hata ugomvi. Lakini msusi alipoondoa mikono, macho yalikuwa makavu.

"Sawa. Mwanaume tumweke pembeni," alisema. "Tiketi ni yangu."

"Yako kivipi?"

"Kwa kukaa! Siku ya mvua ile kubwa, watu wamekimbia, mimi nimekaa mpaka filimbi. Tumefungwa nyumbani, nimekaa. Nafunga saluni siku ya wateja, nakwenda kukaa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nazalisha."

"Basi hizo pointi si zako."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimchoma. Sista akatoa jibu alilokuwa nalo, si la haki.

"Kiti changu umekikalia msimu mzima, na mwanaume wangu pembeni. Ulidanganywa, najua. Lakini nina baba nyumbani ambaye kitu pekee anachoniomba ni kuiona fainali hii kwa macho yake. Tiketi nampa yeye."

"Huo ni uonevu."

"Ni uonevu," Sista alikubali. "Nimeanza kuonewa mimi."

Jioni ujumbe wa Jezi uliingia:

"Mpenzi nisikilize. Yule ni mteja tu."

Sista akajibu: "Mteja gani asiyekosa mechi?"

Ukaja mwingine: "Tusiharibu uchumba wetu kwa ajili ya kadi."

Huo hakuujibu.

Baba yake alikuwa mwashi mstaafu. Kabla kiharusi hakijamchukua mguu na mkono mmoja, hakuna mechi iliyompita. Asubuhi ya kwenda dirishani alidai ajaribu kwanza kadi yake mwenyewe. Sista akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mbele ya karani.

"Mzee, kadi yako inasoma sifuri," karani alisema.

"Sifuri? Kijana, nimepanga foleni kwenye dirisha hili mama yako hajaolewa!"

"Ukikosa msimu mzima unaanza upya, mzee. Ndiyo kanuni."

"Nilikuwa hospitali."

"Pole sana. Mfumo haujui kuumwa. Unajua umekuja au hukuja."

"Na anayekuja kwa kadi ya mwenzie," Sista aliingilia, "mfumo unamjua?"

"Unaona kadi, dada. Sura hauioni."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alipokikagua kitambulisho cha Sista, aliwaeleza kwamba mwenye kadi anaruhusiwa kumwandikia mzazi wake tiketi, akaigonga muhuri, akaisukuma nje. Mzee aliishika kwa mkono wake mzima, akaigeuza geuza, halafu akamtazama binti yake.

"Hizi pointi umezipata wapi, wewe usiye na wikiendi?"

Sista akamweleza yote pale pale, watu wa foleni wakijifanya hawasikii.

"Ningekuwa na miguu yangu," mzee alisema, "huyu bwana angenitambua. Kiti kiko wapi?"

"Pembeni yake, baba. Viti vyetu vimefungwa pamoja."

Mzee akanyoosha mkono.

"Vizuri. Lete hiyo pete."

Siku ya fainali, mlinzi wa getini alichukua mpini wa kile kiti cha magurudumu.

"Dada, huna tiketi, unaishia hapa. Mzee nitamfikisha mimi."

Sista alimwona baba yake akimezwa na umati, skafu ya zamani shingoni, kichwa kimeinuka. Alipogeuka, alimwona msusi amesimama ukutani, naye kavaa jezi.

"Umefuata nini?" Sista aliuliza.

"Sijui. Nimezoea kuja."

Wakakaa kwenye ukingo wa barabara, mkoba wa Sista katikati yao, wakisikiliza kelele za ndani. Mwanaume aliyewadanganya wote wawili alikuwa ndani kwa haki zake zote, pointi kamili, hajapunguziwa hata moja.

Simu ikaita.

"Baba! Umefika?"

"Nimefika. Aliponiona karibu ateme maji aliyokuwa anakunywa."

"Pete umempa?"

"Nimempa. Nikamwambia binti yangu anakurudishia mali yako."

"Kasemaje?"

"Kaitazama, kaitia mfukoni. Halafu kaniambia, mzee, inamisha kichwa kidogo, hiyo kona siioni."

Sista alifumba macho. Alikuwa amejiandaa kwa radhi, kwa visingizio, hata kwa matusi. Hakujiandaa kwa kona. Ndani ya uwanja pakalipuka kelele, lakini upande wa wageni.

"Baba, kuna nini?"

"Tumefungwa. Na huyu jirani yangu analia, mwanangu. Analia mpaka kamasi."

Msusi alikuwa amesogea, sikio karibu na simu.

"Analia?" alinong'ona, na usoni mwake kukapita kitu kama tumaini, ambacho Sista alikifahamu, kwa sababu na yeye kilikuwa kimempita sasa hivi. "Analia kwa ajili yako au yangu?"

"Kwa ajili ya goli," Sista alisema.

Msusi akarudi kukaa. Sista hakuweza kuondoka, ilibidi amngoje baba yake mpaka filimbi ya mwisho. Msusi naye akangoja, ingawa hakuwa na mtu wa kumngoja.