Pini ya Mkono wa Chuma

Kila asubuhi, kabla gari halijaondoka, Chiriku alikuwa na kazi moja: kuipiga teke pini.

Gari lilikuwa la shangazi yake, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Aliugua akiwa mdogo, miguu ikakosa nguvu, na tangu hapo alitembea kwa magongo. Lakini akikaa nyuma ya usukani, hakuna aliyemwona mgonjwa. Fundi mmoja wa mtaani wa kuchomelea vyuma, ambaye watu walimwita Cheche, alimtengenezea mkono wa chuma uliosimama kando ya usukani. Ukiusukuma, unabana breki. Ukiuvuta, unaongeza mafuta. Kwa kuwa gari lenyewe halikuwa na klachi, Shangazi aliliendesha kwa mikono tu, kiti cha nyuma kimejaa sare za shule alizoshona, akizisambaza madukani.

Tatizo lilikuwa pini. Ndiyo iliyoushika mkono ule kwenye kikanyagio cha breki, na ilikuwa na tabia ya kutoroka. Kila ilipochomoza, Chiriku aliinama na kuirudisha kwa kisigino cha kiatu chake.

"Imeingia?" Shangazi aliuliza.

"Imeingia. Lakini Shangazi, unakumbuka ilivyotoka kwenye mteremko wa shuleni? Kama si breki ya mkono na lile pipa la taka, sijui sasa hivi tungekuwa..."

"Tungekuwa kimya. Funga mlango."

Chiriku halikuwa jina lake. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Nyumbani aliambiwa nyamaza, darasani aliambiwa nyamaza, na mwenye duka jirani alikuwa akimpa peremende kubwa ili tu aweze kuhesabu chenji kwa utulivu.

Ndipo redio ikatangaza sheria mpya. Zamani mkaguzi wa magari aliangalia taa, matairi na breki, akabandika stika, mkaagana. Kuanzia sasa, kila kitu kilichoongezwa au kubadilishwa kwenye gari kingepimwa. Kikishindwa, gari lingevuliwa namba papo hapo.

Shangazi aliizima redio kwa hasira mpaka kitufe kikabaki mkononi mwake.

"Wanataka nini hawa? Nitambae na sare mgongoni?"

Alimwita Cheche, naye akaja na jibu tayari.

"Dada, usijichoshe. Siku ya ukaguzi naung'oa mkono. Gari naliendesha mimi, kwa miguu, kama gari la mtu yeyote. Tukipata stika, naurudisha nje ya geti. Nani atajua?"

Kisha wote wawili wakageuka kumtazama Chiriku.

"Huyo," Cheche alisema, akimwonyesha kwa kidevu.

"Huyo nitamshona mdomo," Shangazi alijibu. "Uzi ninao."

Siku ya ukaguzi shule zilikuwa zimefungwa, hivyo Chiriku alikaa nyuma, na mkono wa chuma ulifichwa ndani ya gunia chini ya miguu yake. Kwenye kituo cha ukaguzi hapakuwa na mtu mwenye uso wa furaha. Foleni nzima ilikuwa ya magari yaliyobadilishwa kwa mapenzi ya wenyewe. Kijana mmoja alikuwa ameshusha lake mpaka sisimizi akipita chini lazima ainame. Bwana mwingine alikuwa ameinua lake juu mno, mkewe akawa anashuka kwa kigoda. La tatu lilinguruma kwa ekzosi pana kama sufuria, na kila liliponguruma, watu walilitukana.

"Mnatuonea!" yule kijana alimfokea mkaguzi. "Gari ni langu! Nikitaka nitalivisha hata sketi!"

Mkaguzi alikuwa mama mwembamba, mkavu, mwenye tochi mkononi.

"Livishe," alisema. "Lakini matairi yanasaga bodi ukikata kona. Namba zake lete hapa. Anayefuata!"

Anayefuata alikuwa Cheche. Akakanyaga breki kama alivyoagizwa, na breki zikashika vizuri. Mkaguzi akainama na kumulika chini ya usukani.

"Mbona kikanyagio hiki kimechubuka hapa?"

"Uzee, mama," Cheche alicheka. "Hata mimi nimechubuka."

Mkaguzi hakucheka. Aliyatazama magongo yaliyolala mapajani mwa Shangazi, aliyekaa kiti cha abiria.

"Gari la nani?"

"Langu," Shangazi alisema.

"Na dereva nani?"

"Mimi hapa!" Cheche alidakia. "Mimi ndiye dereva wake wa siku zote."

Mkaguzi aliguna. Akachukua stika, akaanza kuibandua karatasi yake ya nyuma.

Kule nyuma, Chiriku alikuwa ameuma midomo hadi inauma. Bila gari hili sare zisingefika madukani, na bila maduka hayo Shangazi angekula nini? Lakini kila alipofumba macho aliuona mteremko wa shuleni, na watoto wa darasa la kwanza wakivuka wameshikana mikono, na pini ikichomoza taratibu. Siku ile walikutana na pipa la taka. Pipa haliwezi kulia.

"Mkono uko huku," alisema. Sauti ilitoka ndogo, si ya Chiriku kabisa. "Chini ya miguu yangu. Shangazi ndiye anayeendesha. Na pini yake huwa inatoka."

Shangazi aligeuka kama aliyechomwa sindano. "Mtoto wewe! Umeniua! Umeniua mchana kweupe!"

"Kidomodomo!" Cheche alifoka. "Nilisema mimi! Tungemwacha nyumbani na peremende!"

Mkaguzi hakumpongeza Chiriku wala hakumkemea. Alilifungua gunia, akaagiza mkono ufungwe mahali pake na vizuizi viwekwe mbele ya matairi, kisha akamwambia Shangazi akae kwenye usukani.

"Bana breki. Tena. Tena, kwa nguvu, kama mtoto amekukatizia njia."

Shangazi, kwa hasira zake zote, akausukuma mkono.

Ting! Pini ikadondoka. Mkono wa chuma ukalegea mkononi mwake kama wa mtu aliyesinzia.

Hata lile gari la ekzosi lilinyamaza. Mkaguzi aliiokota pini, akaiweka kwenye kiganja cha Shangazi, kisha akaanza kuzifungua namba.

"Unanikata miguu mara ya pili," Shangazi alisema kwa uchungu.

"Sheria haikukatazi mkono wa chuma, mama. Wako wengi wanaoendesha hivyo. Inakukataza mkono unaochomoka. Ufunge sawasawa, uulete, nitaupima. Ungeuonyesha tangu mwanzo ningekuambia hivi hivi."

"Kwa adabu zaidi?"

"Hapana. Kwa sauti hii hii. Anayefuata!"

Gari lilirudi nyumbani likiburutwa. Tangu jioni hiyo Shangazi hakusema na Chiriku. Alisema na cherehani.

"Cherehani, mwambie huyo mtoto chakula kiko mezani."

"Cherehani, mwambie Shangazi ahsante," Chiriku alijibu, halafu akala.

Sare zilirundikana. Chiriku alizifunga mafurushi, akawa anazibeba kichwani kwenda madukani, jua la mchana likimchoma shingo. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemshukuru. Mtaani watoto walimcheka: "Mchongezi huyo anapita! Ficheni baiskeli zenu!" Chiriku alilishika furushi lake vizuri, akaongeza mwendo.

Alasiri moja aliporudi na mikono mitupu, alimkuta Shangazi ameacha kushona. Pini ilikuwa mezani mbele yake, imelika upande mmoja, nyembamba kuliko kidole cha mtoto.

"Kamwite Cheche," Shangazi alisema. Safari hii hakumwambia cherehani.

Cheche alifika amenuna.

"Kazi yangu haijaua mtu, dada!"

"Bado," Shangazi alisema. "Sema bado. Haijaua mtu bado." Akamsukumia ile pini. "Itazame. Mtoto huyu ameipiga teke kila asubuhi, mimi nikimwambia anyamaze. Sasa wewe na mimi, nani mwenye akili hapo?"

Cheche aliigeuza pini vidoleni. Kisha akaenda kuleta vifaa vyake. Alikata kiungo cha zamani chote, akatoboa upya, akapitisha bolti nene na kuikaza kwa nati mbili, moja ikiilinda nyingine isilegee. Alipomaliza, yeye mwenyewe alining'inia kwenye ule mkono akiuvuta na kuutikisa, jasho likimtiririka.

Waliporudi kituoni, gari likiwa limeburutwa tena, Shangazi aliuonyesha mkono kabla hajaulizwa. Mkaguzi alimwamuru abane breki mpaka Chiriku akachoka kutazama. Bolti haikutikisika. Stika ikabandikwa, namba zikarudishwa.

"Anayefuata!" mkaguzi alisema. Lakini alipompita Chiriku, alimgonga bega kidogo kwa tochi yake.

Ndani ya gari Shangazi hakuliwasha kwanza.

"Nisikilize," alisema. "Sikukasirika kwa sababu ulisema uongo. Nilikasirika kwa sababu ulisema ukweli nilioujua. Kitu kikiwa kibovu, kukificha hakukifanyi kizima, na anayekitaja si adui yako. Nimelijifunza hilo ukubwani, wewe lijifunze sasa. Na siku nyingine ukiona hatari, usingoje mpaka stika inabanduliwa. Sema mapema, na urudie, hata nikikuzomea."

"Hata ukitaka kunishona mdomo?"

"Hata nikiwa nimeshika sindano."

Shangazi akawasha gari. Chiriku, kwa mazoea, akainama na kupiga teke pale ilipokuwa pini. Siku hiyo alikuwa amevaa ndala.

"Aaaah! Kidole changu!"

"Imeingia?" Shangazi aliuliza, naye kwa mazoea.

Chiriku alikumbatia mguu wake, machozi na kicheko vikimtoka pamoja.

"Haitoki, Shangazi! Haitoki kabisa!"