Goti la Marehemu Ekwam

"Mwizi ni Ekwam," Omollo alisema kwenye redio.

Nakeno alikanyaga breki. Land Cruiser ikayumba kwenye vumbi la Kakuma, ikasimama.

"Rudia, mkuu."

"Ekwam. Kompyuta ya kliniki imemtaja. Nenda ukaone mwenyewe."

Omollo, mkuu wa majasusi kule Lodwar, hakuwa mtu wa mzaha. Lakini Ekwam alikuwa maiti. Gari lake liliteketea barabara ya Lokichoggio miaka miwili iliyopita, na Nakeno ndiye aliyezika mabaki. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita. Mpaka leo, akiendesha peke yake, alikuwa akimsikia akikohoa kiti cha nyuma. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Kule kliniki, Sellah, fundi wa kompyuta, alikuwa analia waziwazi.

"Madam, alikuja asubuhi kama mgonjwa. Kofia, miwani, jina lingine. Nikapiga picha ya goti, nikambandika vitufe vya kupimia mwendo mguuni, nikamwambia tembea mbele ya kamera. Kompyuta ikajenga goti lake, ikasema goti hili tunalo, la marehemu Ekwam, alipimwa hapa kabla ya ajali. Nikadhani imechanganyikiwa, nikatoka kuita daktari. Kurudi, diski hakuna. Kompyuta zingine zote amefuta, imebaki hii ya kamera tu."

Diski ilibeba magoti mia tatu ya wagonjwa. Kila moja limejengwa upya kwa hesabu, mifupa na kano zake, ili mpasuaji ajue pa kushikiza kano jipya kabla hajashika kisu. Kwa taarifa za Omollo, kampuni fulani ya ng'ambo iliyataka bila kuwauliza wenyewe. Ndege ilikuwa inangoja Lokichoggio.

Kwenye benchi alikaa Adau, beki wa timu ya wasichana ya kambini, mguu ameunyoosha.

"Mara ya kwanza walishona kwa kukisia," alisema. "Ikakatika. Kesho ndiyo ya mwisho, daktari anasema hakuna ya tatu. Goti langu liko kwa hiyo diski."

Nakeno alimgeukia Sellah. "Mwizi gani huyu anakubali kupimwa?"

"Linamuuma, madam. Aliniuliza kama linaweza kupona."

Kwenye kioo cha kompyuta, goti lilikuwa linatembea. Goti tupu, bila mtu. Mwili ulimsisimka Nakeno. Ile hatua ya kuburuta kidogo aliijua. Aliogopa, na chini ya woga kulikuwa na furaha iliyomtia aibu.

"Kano la mbele limekatika, mguu wa kushoto," Sellah alisema. "Akienda moja kwa moja, sawa, hata kukimbia. Lakini akikanyagia kushoto halafu ageuke ghafla kulia, goti litamwacha."

Land Cruiser ilimeza barabara ya Lokichoggio.

Kilomita ya ishirini, lagga, mto wa msimu, ilikuwa imejaa maji. Bodaboda alikataa kuvuka, akageuza. Abiria wake alikuwa anashuka kingo kwa miguu, bastola mkononi.

Nakeno aliacha gari nyuma ya vichaka. Akachomoa bastola yake, Glock. Akazunguka mpaka upande wa kulia wa yule abiria.

Akasubiri mguu wa kushoto ukanyage.

"Ekwam!"

Mtu aligeuka. Goti likamwacha. Alianguka chali, bastola ikaruka mchangani, Nakeno akaipiga teke mpaka majini.

"Ejok, Nakeno," alimsalimia kwa Kiturkana, jasho linamtiririka.

"Ejok." Jibu lilimtoka kabla hajafikiri. "Nilikulilia wewe. Nilinyoa nywele."

"Hawa walionituma walinipa njia ya kutoka kazini. Nikaichukua."

"Nilimzika nani?"

Ekwam aliangalia maji. "Dereva wa lori. Lilimharibikia, akaniomba lifti."

"Jina lake?"

"Sikuuliza."

Nakeno alimfunga pingu. Diski ilikuwa mfukoni mwa shati, imefungwa kwenye nailoni. Akampakia garini, wakarudi Kakuma.

Kesho yake saa sita mchana, Sellah alitoka chumba cha upasuaji na barakoa shingoni.

"Kano limekaa pale pale kompyuta iliposema. Adau anauliza ataanza mazoezi lini."

Redio ikakwaruza.

"Kazi safi," Omollo alisema. "Rudi Lodwar ulale."

"Bado, mkuu. Nitafutie dereva wa lori aliyepotea mwezi ule gari la Ekwam lilipoteketea."

"Wa nini sasa?"

"Kuna watu mpaka leo wanamwekea chakula."

Alizima redio, akavaa miwani yake ya jua, akatembea polepole kuelekea garini.