Ufa wa Juu ya Kabati

Jioni ile nilifika kwa mdogo wangu na ngazi, makopo matatu ya povu la kuzibia na furushi la pamba ya kutandika darini kuzuia baridi. Kazi ya saa moja tu, nilikuwa nimemwambia kwenye simu. Mdomo ninao, hilo sikatai.

Daktari alikuwa amemwonya mdogo wangu kwamba mtoto asipigwe na baridi, maana kifua kilikuwa kimeshamzidi. Mpwa wangu alikuwa na miezi minane. Tulimwita Mzee kwa sababu alizaliwa na makunyanzi usoni. Kikohozi chake ulikisikia tangu barabarani: mara mbili, kavu, kisha kifilimbi chembamba akivuta pumzi. Shemeji alikuwa safarini kikazi. Mdogo wangu alikuwa amekesha wiki mbili peke yake, na alinifungulia mlango bila hata kunisalimu.

"Baridi inatoka wapi, kaka? Nimefunga kila kitu!"

Watu hudhani baridi hupita mlangoni. Hupita pale mkono usipofika: pembeni mwa dari, nyuma ya makabati, palipopitishwa nyaya za umeme. Mimi huitafuta kwa kipande cha karatasi ya chooni. Nakishika mbele ya ufa, kikipepea, nimeshampata mwizi.

Chumbani kwa Mzee nilimpata mwizi huyo juu ya kabati, pale ukuta unapokutana na dari. Ufa wa upana wa kidole. Nikaisogeza karatasi.

Ikasukumwa nje, taratibu. Ikatulia.

Kisha ikavutwa ndani.

Nje... ndani... nje...

Nilichungulia dirishani. Nguo za jirani zilining'inia kwenye kamba bila kutikisika. Upepo haukuwepo kabisa. Nikajicheka, mtu mzima na akili zangu naogopa ukuta.

Nikapanda darini. Kule unatambaa kwa tumbo, tochi mdomoni, misumari ya bati inakukwaruza kichwa. Niliona kuwa ufa ulikuwa mdomo wa chini tu. Nyuma yake kulikuwa na uwazi kati ya kuta mbili, na mdomo wa juu ulikuwa hapa, mbele ya pua yangu. Ulinuka vumbi na maziwa yaliyoganda.

Fundi aliyenifunza kazi hakuziba tundu kabla ya kuligonga mara tatu na kusubiri. "Chenye miguu kitoke," alisema. Siku zote niliamini anawaonea huruma panya. Nami hugonga, kwa mazoea.

"Kaka, harakisha! Anatetemeka!"

Sikugonga.

Nikabonyeza kopo. Povu likavimba, likajaza uwazi. Ndani kitu kikakwaruza... kikielekea chini.

Nilitandika pamba juu yake nikiwa nimebana pumzi. Niliposhuka, mdogo wangu alikuwa jikoni akipasha maji, na Mzee alikuwa kitandani peke yake. Nilipanda juu ya kabati, nikaziba na ufa wa chini haraka haraka. Karatasi ikatulia.

Chumba kikawa kimya.

Mdogo wangu akaingia, akasikiliza. Kikohozi hakikuwepo. Akamnyanyua mtoto, akamlaza begani, akaanza kulia kwa furaha.

"Umemponya, kaka! Mungu akuweke."

Nikasogea nimbusu mpwa wangu. Alikuwa macho. Alinitazama bila kupepesa, kama mtu mzima anayesubiri umalize maneno yako. Nikainama.

Alinuka vumbi na maziwa yaliyoganda.

Ndipo nikasikia. Nyuma ya kabati. Ndani ya ukuta.

Mara mbili, kavu. Kisha kifilimbi chembamba.

Nilichukua kisu cha kukatia povu, nikakimbilia ngazi. Mdogo wangu alikuwa ameshasimama mbele yake, mtoto begani.

"Weka kisu chini," alinong'ona.

"Hujasikia? Yule ni..."

"Nimesikia. Mimi ndiye mama yake."

"Basi nipishe nimtoe!"

Hakusogea. Mkono wake ulikuwa ukimpigapiga yule wa begani, taratibu, kama anavyombembeleza siku zote.

"Na ukifungua, huyu akaondoka na yule asirudi? Nitabaki na nani, kaka?"

Kutoka ukutani kikohozi kikaja tena.

Ningeweza kumsukuma. Nina nguvu mara mbili yake. Lakini yule wa begani aligeuza kichwa akaniangalia, akatabasamu, na mimi, niliyejigamba kwenye simu, nikaweka kisu chini. Nilibeba ngazi yangu nikaondoka. Niliogopa, na sijaacha kujionea haya.

Siku ya tatu alinipigia simu. Hakusalimu.

"Kaka," alisema. "Ukutani kumenyamaza."

Nyuma yake mtoto alikuwa akicheka, kicheko kinene, cha kushiba.

"Pole, mdogo wangu," nikamwambia.

Nilidhani atauliza pole ya nini.

"Asante," akajibu.