Mkasi Nyuma ya Sikio

Duka la kuogeshea mbwa lilijaa kelele siku hiyo, mtu hasikii hata simu yake. Mshonaji aliingia na gauni lake la samawati likiwa limejaa manyoya, mbwa wa shangazi yake kamng'ang'ania kifuani.

"Wewe amekuchana nani, upepo?" fundi kijana wa kuogesha alimuuliza mbwa, lakini macho yake yalikuwa kwa mwenye gauni.

"Muulize mwenyewe. Mimi mbebaji tu."

Mambo haya huanza hivyo hivyo, kwa kicheko.

Fundi alimwonyesha jinsi ya kumtunza mbwa nyumbani mpaka siku ya kumrudisha dukani: gawa manyoya, chana mpaka kwenye ngozi, kila baada ya siku mbili. "Ukikuta fundo usimwogeshe, maji hulikaza. Na mkasi usiuguse. Nipigie."

Alipiga. Alipiga hata pasipo fundo.

"Haloo, mpenzi. Fundo liko wapi leo?"

"Moyoni."

"Hilo halitaki chanuo. Nakuja mwenyewe."

Akawa anakuja, majirani wanamwona.

Kisha kazi za kushona zikamwelemea binti, shangazi naye kasafiri. Wiki tatu mbwa hakuona chanuo. Fundi akiuliza kwenye simu, anajibiwa, "Nimemchana, baba, ulale salama." Asubuhi ya shangazi kurudi, binti akamtia mbwa kwenye beseni. Mafundo yakakaza, yakashikana na ngozi. Kwa hofu akachukua mkasi wake wa vitambaa. Nyuma ya sikio hakujua manyoya yanaishia wapi. Mbwa alilia mara moja tu, damu ikatiririka.

"Nani kamkata mtoto wangu?" shangazi alifoka. Huyo ndiye aliyempa binti chumba na cherehani.

"Fundi. Nilimwita hapa." Neno lilimtoka kama kikohozi.

Shangazi akampigia mwenye duka, ambaye hakutaka mafundi wake wafanye kazi majumbani kwa watu. Kufikia jioni fundi alikuwa ameshavuliwa aproni.

Akampigia binti simu. "Mpenzi, mimi nimemkata mbwa?"

"Hapana. Lakini nikisema ukweli shangazi atanifukuza."

"Mimi nimeshafukuzwa."

"Nipe siku mbili nitafute maneno."

"Haya, mama," fundi alisema.

Mabinti, uongo wa woga ni moto wa makumbi ya nazi, hula chini kwa chini. Siku mbili hizo binti hakula. Siku ya tatu akapiga magoti, akasema yote. Shangazi akalia. "Mwanangu, sikio linapona! Ningekufukuza kwa sikio?" Papo hapo akampigia mwenye duka, naye akakubali kumrudisha kijana.

Binti alikimbia na habari hiyo hadi chumbani kwa fundi, kanga begani, pumzi juu. Akamkuta anafunga begi.

"Wanakutaka kazini! Nimesema kila kitu!"

"Nimesikia. Asante."

"Basi nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Woga hata mimi ninao."

"Sasa begi la nini?"

Fundi alivuta zipu taratibu. "Ungenisingizia ukanipigia saa hiyo hiyo unalia, ningekuoa. Lakini ulijua nimelala bila kazi, ukalala. Ukaamka, ukalala tena. Hizo siku mbili ndizo zimenishinda."

Alimpisha mlangoni kwa adabu, kama mtu anavyompisha mteja.