Maji Yaliyochemshwa Mara Mbili

Kila jioni, Enora aliporudi kutoka shuleni, alivua viatu vyake vya matope, akamchungulia mdogo wake Malo kitandani, kisha akamtengenezea maziwa ya unga. Saa hizo mama yao, Soazig, alikuwa zizini akikamua ng'ombe. Malo hakuwa ametimiza hata miezi miwili.

Maji ya bomba ya kijiji chao, huko Bretani, Ufaransa, yalikuwa yamekatazwa kwa watoto wachanga. Vipimo vilionyesha kuwa kemikali iitwayo nitrati imepita kiwango cha usalama, yaani miligramu hamsini kwa lita. Kwa hiyo ofisi ya kijiji iligawa maji ya chupa.

Wiki ile mvua haikukatika, na chupa zikaisha. Enora aliona uvivu kupanda baiskeli kwenda ofisini kuchukua nyingine.

"Kwani haya ya bomba yana nini? Meupe pe!" alijisemea. Akayachemsha sana, mara mbili, akijiona mwangalifu, akakorogea maziwa ya Malo. Mama alipomuuliza, alijibu, "Nimeshazichukua chupa, Mama."

Baada ya siku kadhaa midomo ya Malo iligeuka kijivu, kisha buluu. Hakulia tena. Alihema tu.

Hospitalini, Daktari Kerbrat aliuliza haraka, "Mtoto anapewa maji gani?"

"Ya chupa, daktari," mama alijibu.

"Ya bomba," Enora alisema. "Mama, nilikudanganya. Lakini niliyachemsha! Niliyachemsha sana!"

Mama alimgeukia.

Daktari hakungoja. Alimdunga Malo dawa mshipani. Mama na binti walikaa benchi moja, kila mmoja upande wake. Polepole rangi ilimrudia mtoto, ikianzia masikioni.

"Kuchemsha huua vijidudu," daktari alimweleza Enora. "Nitrati si kijidudu; ni kemikali inayozuia damu ya mtoto kubeba hewa. Maji hupungua, yenyewe ikabaki, kama chumvi kwenye mchuzi. Ila umesema kweli, binti, nami nimejua la kutibu."

Enora aliangua kilio. "Nusura nimuue, Mama!"

"Hukutaka," mama alisema, akamvuta kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ulinidanganya, na hilo usilirudie kamwe. Lakini nitrati hiyo imeingia majini kutoka wapi? Ni samadi ya ng'ombe wetu, na mbolea tunayomwaga mashambani miaka nenda miaka rudi. Tuliambiwa tupunguze, tukacheka. Wewe umedanganya siku chache, mwanangu. Sisi wakubwa tumejidanganya tangu kabla hujazaliwa. Tukifika nyumbani, sote wawili tuna la kurekebisha."