Sufi Iguse Ngozi

Wafanyakazi wa ghala la kuku walimwita Mama Barafu, naye jina hilo alilipenda. Kwa miaka sita alikuwa akifanya kazi katika chumba cha baridi. Wanaume wenye vifua vipana waliingia humo kwa mbwembwe, wakaomba kuhamishwa kabla ya mwezi kwisha. Yeye alibaki, akibeba makreti ya kuku waliogandishwa, akiyapanga na kuyahesabu.

Mwaka huu mambo yalianza kwenda kombo. Akibeba makreti, alitoka jasho. Akisimama kuhesabu, jasho lile lilipoa mgongoni, na mwili mzima ukatetemeka. Jumatatu moja kreti lilimponyoka. Lilianguka hatua moja tu kutoka mguu wa mwenzake.

Msimamizi hakugomba. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Mama Barafu.

"Nakupa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Ukiendelea kutetemeka, nitakuhamishia kwenye kubandika lebo. Sitaki mtu avunjwe mguu."

"Sitoki chumba kile, bosi," alijibu. "Nitatafuta njia."

Alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi wa pale kazini. Muuguzi alimuuliza anavaa nini ndani ya ovaroli.

"Fulana za pamba. Mbili."

"Ndiyo maana. Pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Vaa sufi, mama. Sufi iguse ngozi."

Nyumbani aliyarudia maneno hayo neno kwa neno. Mumewe, ambaye ni kinyozi, alikuwa anafua taulo zake za kazini. Mama mkwe alikuwa kitini, shuka limemfunika magoti.

"Sufi tu?" alisema mama mkwe. "Hilo niachieni mimi."

Kabla ya chakula cha jioni, bibi yule alikuwa ameshafumua mto wake. Alichukua sufi ya ndani, akaishindilia kati ya vitambaa viwili, akashona kizibao. Mama Barafu alikivaa kwa heshima zote. Mikono yake ikabaki imetanuka kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili. Hakuweza kuinama.

"Mama, umemvisha godoro mke wangu," alisema kinyozi, akicheka mpaka machozi.

"Si amesema sufi? Au mimi ndiye sisikii?"

Mama Barafu hakucheka. Siku zilikuwa zinakatika. Alimshukuru mama mkwe, akakivua kizibao, akalala na hasira ya kutojua la kufanya.

Jumamosi mumewe alirudi kutoka mitumbani na sweta mbili, ya kijivu na ya kijani.

"Muuzaji amenipa mpaka jioni. Chagua moja, nyingine nairudisha. Lakini shika hii ya kijivu kwanza. Utadhani shavu la mtoto mchanga."

Mama Barafu aliishika, akaipenda papo hapo. Lakini safari hii hakutaka kubahatisha. Alizibeba zote mbili hadi nyumba ya pili, kwa Fundi Sindano, mzee aliyefuma masweta tangu ujana wake. Mumewe na mama mkwe wakamfuata, kila mmoja akitaka kuthibitisha kuwa hakukosea.

Fundi aliposikia habari za kizibao, alivua miwani na kuifuta taratibu ili asicheke.

"Neno ni moja, vitu ni viwili," alisema. "Sufi ya mto inatoka kwenye mti. Muuguzi alikusudia manyoya ya mnyama."

"Basi angesema," alijibu mama mkwe.

Fundi aligeuza kola ya kila sweta, akasoma lebo.

"Hii ya kijivu ni kashmiri. Ni manyoya ya mbuzi, yale laini yanayoota chini ya manyoya magumu. Nyepesi, lakini ina joto jingi. Hii ya kijani ni merino, manyoya ya aina fulani ya kondoo. Nyuzi zake ni nyembamba sana, kwa hiyo haiwashi kama sufi nyingine."

"Nilijua. Ya kijivu ndiyo bora," alisema kinyozi.

"Bora kwa nani? Shemeji, hebu nionyeshe unavyofanya kazi."

Mama Barafu alinyanyua stuli ya fundi, akaikumbatia kifuani, akageuka, akaiweka chini. Akarudia mara tatu.

"Umeona? Kila kreti linasugua kifua na mikono." Fundi alisugua kiwiko cha sweta ya kijivu kwa kiganja. Vitonge vidogo vya nyuzi vikajitokeza. "Kashmiri haipendi msuguano. Inafanya vitonge, kisha inatoboka. Ni nguo ya mtu aliyetulia."

Kisha akaivuta ya kijani na kuiachia. Ilirudi ilivyokuwa.

"Merino ni ngumu zaidi kuchakaa. Inapitisha mvuke wa jasho, na hata ikipata unyevu kidogo bado inatunza joto. Harufu pia haiishiki upesi. Wewe unatoka jasho, unasimama, unatoka jasho tena. Hii ndiyo yako."

"Na kufua?" aliuliza Mama Barafu.

"Hapo ndipo wengi wanaziua. Soma lebo kwanza. Maji ya moto yataifanya imtoshe mwanasesere. Tumia maji ya baridi na sabuni laini. Usiisugue, usiisokote. Iviringishe ndani ya taulo, ibonyeze maji yatoke, kisha itandaze kivulini. Ukiitundika ikiwa mbichi, itakufika magotini."

Mama Barafu aliikunja ya kijani na kuiweka kwapani. Mumewe alishika ya kijivu kwa masikitiko, tayari kuirudisha.

"Ngoja," alisema mama mkwe. "Na mtu aliyetulia kitini tangu asubuhi, mgongo wote baridi, yeye avae nini?"

Kinyozi alimtazama fundi. Fundi akatazama dari. Sweta ya kijivu haikurudi mitumbani.

Ijumaa ilifika. Mama Barafu alivaa merino juu ya ngozi, na ovaroli nzito juu yake. Fulana za pamba aliziacha kabatini.

Msimamizi aliingia chumba cha baridi na karatasi ya uhamisho mkononi, akasimama kando ya mlango. Mama Barafu alibeba makreti arobaini bila kupumzika. Kisha akasimama kuhesabu. Alisubiri ule ubaridi wa mgongoni. Haukuja. Kalamu yake ilitulia, na tarakimu zikanyooka kwenye karatasi. Moyoni alifurahi mno, ila hakuinua macho.

Msimamizi alianza kusugua viganja. Baadaye akapiga miguu chini. Mwishowe meno yake yakagongana hata yakasikika.

"Una neno, bosi?" aliuliza Mama Barafu.

Msimamizi alikunja karatasi ile, akaichana vipande viwili.

"Si-sina."

"Basi toka ukaote jua. Na ufunge mlango vizuri, baridi yangu inatoka."