Folda Isiyo na Jina

Asubuhi hiyo kompyuta ya Shakila iliwaka kwa kukohoa, kama kawaida yake, na kabla hajamaliza kupangusa vumbi kwenye kioo, folda ikajifungua yenyewe katikati. Haikuwa na jina. Ndani hamkuwa na kitu. Akaifunga, akaendelea na maisha. Kesho yake ikafunguka tena.

Duka lake la stationari lilikuwa Kizota, Dodoma, limebanwa kati ya gereji ya kunyoosha mabodi ya magari na wachomelea mageti, mahali ambapo mtu akitaka kunong'ona lazima apige kelele. Alitoa kopi, alichapa barua, alipiga picha za pasipoti. Kila mteja wa picha alikuwa na folda yake yenye jina lake, maana watu hupoteza picha kama wanavyopoteza vifungo, na lazima warudi. Na kuchoka kwake kulikuwa hivi: mtu akipiga hodi, mdomo ulijibu wenyewe, "Karibu, kaa hapo kwenye stuli," huku macho yamebaki kwenye kazi. Mara nyingi aliinua kichwa akakuta stuli tupu. Akadhani mteja ameghairi.

Mama yake, Bi Joha, alikuwa amekuja kutoka kijijini Busi kutibiwa magoti, na siku ambazo hakuwa na kliniki alishinda dukani, juu ya stuli hiyohiyo ya picha, kwa kuwa kiti cha pili kilikuwa cha Shakila na cha tatu kilikuwa bado ni ndoto. Kila akikaa aliguna, "Aaah, magoti ya kuazima haya!"

Siku moja akauliza, "Umemkaribisha nani sasa hivi?"

"Mteja, mama."

"Yuko wapi?"

"Ataingia."

"Shakila, kwetu hodi haijibiwi hivyo. Unauliza, nani? Mtu anajitaja, anamtaja na baba yake, ndipo unamwambia karibu. Asiyejitaja anabaki nje na upepo."

"Mama, nikianza kuuliza koo za wateja watahamia kwa jirani."

"Wahamie. Ukishamkaribisha mtu, ni mgeni wako huyo."

Shakila alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeweka akiba ya pumzi, akamwita fundi Respicius.

Respicius alikuwa mtu ambaye sauti yake hufika kwanza, mwili ukafuata baadaye na begi la nyaya. "Shikamoo mama!"

"Marahaba, baba. Punguza. Naumwa magoti, siumwi masikio."

"Dada Shakila, hili tatizo ni dogo, hata aibu kulitembelea. Kuna mahali umeiruhusu kompyuta ikumbuke madirisha yaliyoachwa wazi wakati wa kuzima. Naondoa hii tiki, kwisha habari." Aliondoa tiki, akazima, akawasha. Folda ikafunguka.

"Ahaa, mbishi." Akaingia kwenye orodha ya programu zinazojianzisha, akazizima zote, hata ile ya printa isiyo na kosa. Akasaka virusi. Akawasha tena. Folda ikafunguka, na safari hii ilikuwa na picha moja.

Picha ilikuwa ya Bi Joha, juu ya stuli, na kanga ya jana.

"Nani kanipiga?" aliuliza.

Kamera ilikuwa kwenye droo, haina chaji tangu wiki iliyopita, kwa kuwa katikati ya juma wateja wa picha walikuwa wa kuhesabu kwa tochi. Lakini kilichomfanya Shakila ainame karibu na kioo ni namna mama yake alivyokaa: pembeni kabisa, paja moja linaning'inia, kama mtu kwenye benchi la msibani anayempisha mwenzake akae.

"Mama, mbona unakaa ukingoni?"

Bi Joha aliangalia chini, akajiona. Hata sasa alikuwa ukingoni. "Sijui," alisema polepole. "Nahisi kama kuna mtu anasogea."

Ndipo harufu ikaja. Harufu ya mbuzi aliyenyeshewa, nzito, ya manyoya mabichi, na huo ulikuwa mwezi wa nane, ambapo Dodoma haijui hata mawingu yanaandikwaje.

"Napiga Windows mpya," Respicius alisema, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, pengine, alisema kwa sauti ndogo. "Nafuta kila kitu. Hapo hata awe nani, anatoka na begi lake."

Ilichukua asubuhi yote, mashine ya kusagia chuma ikilia nje, vumbi likipita mlangoni, Shakila akiwa amelaza kichwa mezani kwa uchovu uliokuwa mkubwa kuliko hofu, na ilipomaliza, kompyuta ikawa haijui yenyewe ni nani, haina faili, haina kumbukumbu, mpya kama mtoto, na papo hapo folda isiyo na jina ikafunguka katikati ya kioo, ikiwa imejaa picha, nyingi, za siku zote ambazo mama alishinda pale, na katika kila moja Bi Joha alikuwa amesogea zaidi na amekonda zaidi, na upande ule mtupu wa stuli sponji ilikuwa imebonyea zaidi, imelaliwa na uzito, mpaka kwenye picha ya mwisho ambapo Bi Joha alikuwa amesimama ukutani, na stuli yote imebonyea.

Waligeuka. Bi Joha alikuwa amesimama ukutani. Hakukumbuka alisimama saa ngapi.

Sponji ya stuli ilikuwa imebonyea katikati.

"Nikaichome?" Respicius alinong'ona.

"Uchome nini? Kosa la kompyuta liko wapi?" Bi Joha alijibu. "Mgeni hafukuzwi. Husindikizwa."

"Basi nimsindikize mimi, mama. Mimi ndiye nilimkaribisha."

"Wewe umechoka mno, mwanangu. Hutafika hata kwenye mageti." Akajifunga kanga vizuri. "Nikirudi nitapiga hodi. Uniulize, nani? Usinionee haya." Kisha akaiambia stuli, kwa adabu kabisa, kama anavyoambiwa mkwe, "Haya mgeni wetu. Twende nikusindikize mpaka barabarani."

Sponji ikainuka polepole.

Bi Joha akatoka akichechemea, ameinama upande mmoja, kama anayetembea na mtu kwenye njia nyembamba.

Wakasubiri. Respicius aliingia chini ya meza, akasema anakaza nyaya, akabaki hukohuko na waya mdomoni.

"Hodi."

Sauti ya mama. Shakila alitaka kuitika, lakini alikumbuka. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Upepo. Kisha, "Mimi, mwanangu."

Respicius, ambaye kwake kimya ni ugonjwa, akatema waya. "Karibu mama, karibu!"

Bi Joha akaingia. Akapita kati yao bila kuchechemea, akakaa kwenye stuli, katikati kabisa. Hakuguna.

Respicius alitoka chini ya meza, akaizima kompyuta, akaiwasha. Ikakohoa, ikawaka, ikatulia. Kioo cheupe, safi, hakuna folda hata moja. Akazima, akawasha tena. Safi.

"Nimeipata!" akapiga makofi. "Nilikwambia, dada, tatizo dogo! Angalia, hakuna tena anayegonga!"

Shakila alitaka kushangilia, akakosa nguvu. Harufu ya mbuzi aliyenyeshewa ilikuwa imerudi, ikitoka kwenye shingo ya ile kanga.

Nje, upande wa mageti, miguu ilisikika ikiburuzwa kwenye changarawe. Ikasimama mlangoni.

"Aaah, magoti ya kuazima haya," sauti ikalalamika. "Hodi. Joha binti Isa, wa Busi."

Respicius akashika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Usiitikie, mwanangu," alisema aliyekaa kwenye stuli.

Mdomo wa Shakila, uliokuwa umeikaribisha dunia nzima bila kuangalia, ukafunguka kusema karibu, ukabaki wazi.

"Hodi, mwanangu," sauti ya nje ikarudia, imechoka. "Jua kali huku."